Macho mawili mekundu kati ya 22

Picha ninayotaka kuieleza ilipigwa usiku mmoja wa mwaka 1993, uani kwa babu yangu huko Muheza, siku ya harusi ya baba mdogo. Wamo watu 11. Bi harusi ameketi katikati na ameinamisha macho kama staha ya siku ile ilivyomtaka. Shoga zake wamemzunguka, na karibu wote wanamtazama yeye. Karabai inaning'inia kwenye boriti upande wa kushoto. Na upande wa kulia kabisa, nyuma ya nguzo ya baraza, shangazi yangu amejitokeza nusu, kanga ya jikoni ingali kiunoni, anaitazama kamera moja kwa moja. Kati ya macho 22 yaliyomo katika picha hiyo, mboni zote zinazoonekana ni nyeusi isipokuwa mbili. Mboni za shangazi zinawaka kwa wekundu wa kaa lililopulizwa.

Filamu ilipelekwa Tanga mjini kusafishwa, na picha ziliporudi baada ya wiki mbili zilipitishwa nyumba kwa nyumba kama ilivyo ada. Nilikuwa na umri wa miaka 9, lakini nakumbuka jinsi picha ile moja ilivyokaa mikononi mwa watu muda mrefu kuliko nyingine zote. Mmoja alisema ni majini ya ukoo. Mwingine alinong'ona neno zito zaidi. Bibi aliitoa katika albamu, akaivingirisha kwenye kitambaa na kuiweka chini kabisa ya sanduku lake la nguo. Na shangazi, ambaye siku ile alikuwa ameshinda kwenye moshi akiwapikia wageni, alikataa kupigwa picha kwa miaka mingi iliyofuata. Jambo hili si dogo katika nchi yetu. Kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi huletwa na moshi wa kuni au wa mavi ya ng'ombe uliovumiliwa jikoni kwa miaka, yamekuwa yakihesabiwa miongoni mwa alama za mchawi.

Leo ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, na picha ile iko mikononi mwangu tangu sanduku la bibi lilipofunguliwa baada ya kufariki kwake. Nimeitazama mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote ya familia. Kwamba macho ya watu huweza kutoka mekundu katika picha za flashi ni jambo linalojulikana na wapiga picha wote. Swali lililonisumbua mimi ni kwa nini yawe ya shangazi peke yake, ilhali flashi ilikuwa moja, kamera moja, na sekunde ile ile.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni mahali penyewe wekundu ulipo. Moshi hulifanya jekundu lile eneo jeupe la jicho, kwa sababu mishipa midogo ya damu iliyo juu yake huvimba. Katika picha, weupe wa macho ya shangazi ni mweupe kama wa mtu mwingine yeyote, na wekundu wote umo ndani ya duara la mboni, lile tundu la katikati ambalo mwanga hupitia kuingia ndani. Kwa hiyo wekundu wa picha na wekundu wa moshi ni vitu viwili visivyohusiana, na yeyote aliyeviunganisha usiku ule hakuwa ameitazama picha vizuri. Kinachoonekana katika mboni zile ni ukuta wa nyuma wa jicho, sehemu ya ndani ya mwili wa mtu aliye hai, iliyomulikwa na kupigwa picha kwa bahati.

Hapo linazuka swali la kinyume, ambalo kwangu ndilo lenye utamu zaidi: kama ukuta wa nyuma ni mwekundu, kwa nini mboni huonekana nyeusi siku zote? Jibu linalokuja haraka ni kwamba ndani ya jicho kuna giza, kama vile dirisha dogo la nyumba ya udongo linavyoonekana jeusi mchana kwa mtu aliyesimama nje. Jibu hilo lina ukweli kiasi, lakini halitoshi, kwa kuwa mwanga mwingi huingia kupitia mboni na sehemu yake huakisiwa na kutoka tena. Jibu kamili liko katika kanuni ambayo wanafunzi wangu huikariri bila kuona inatufikisha wapi, kwamba mwale wa nuru ukigeuzwa utarudi kwa njia ile ile uliyojia. Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na lenzi ya jicho huukusanya mwanga wa taa na kuufanya doa dogo juu ya retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga; doa hilo likiakisi, miale yake hupita tena katika lenzi ile ile na konea ile ile, ikapindishwa kwa kiasi kile kile, na kurudi kwenye taa ilikotoka. Hivyo mwanga unaotoka jichoni hausambai chumba kizima. Hurudi kwa mwenyewe. Anayetaka kuuona hana budi kuliweka jicho lake pale pale ilipo taa, na akifanya hivyo kichwa chake kinaiziba taa, na hakuna tena mwanga wa kurudi.

Mwaka 1846 daktari William Cumming wa London alieleza kwamba kila jicho la binadamu lenye afya linaweza kuonekana liking'aa, mradi mtazamaji akaribie sana mstari unaounganisha taa na jicho hilo. Miaka michache baadaye mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Königsberg, alipata njia ya kuweka taa na jicho la mtazamaji mahali pamoja bila kimoja kukiziba kingine. Alitumia vipande vyembamba vya kioo vilivyoinamishwa: sehemu ya mwanga wa taa iliakisiwa na vioo kuingia katika jicho la mgonjwa, na mwanga uliorudi ulipenya vioo vile vile hadi kwenye jicho la daktari. Maelezo ya kifaa hicho aliyachapisha mwaka 1851, na kwa mara ya kwanza madaktari waliweza kuitazama retina ya mtu aliye hai pamoja na mishipa yake ya damu. Kila daktari wa macho anayekuinamia na kijitaa chake kliniki anafanya jambo lile lile, na kamera ndogo yenye flashi iliyokaa kando ya lenzi hulifanya bila kukusudia.

Nasema iliyokaa kando, kwa sababu hapo ndipo kuna jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Kama jicho lingekuwa chombo kisicho na dosari, mwanga wa flashi ungerudi kwenye flashi tu, na lenzi ya kamera, hata ikiwa sentimita 4 pembeni, isingepata kitu. Picha zetu zote zingekuwa na mboni nyeusi. Macho mekundu hupatikana kwa sababu jicho lina dosari: lenzi yake haikusanyi miale yote kwenye nukta moja, mara nyingi halikuelekezwa sawasawa kwa umbali wa kamera, na mwanga ukifika nyuma hauakisiwi juu juu tu bali huzama katika tabaka kadhaa na kutawanyika humo kabla ya kutoka. Doa linalopaswa kuwa nukta linakuwa duara lenye ukungu, na mwanga unaorudi nao unakuwa umepanuka, ukatoka jichoni kama pia (umbo la koni) iliyolazwa, ncha yake ikiwa kwenye mboni na kitako chake kikiizunguka flashi. Lenzi ya kamera ikiangukia ndani ya kitako hicho, inaona wekundu. Ikiwa nje yake, inaona weusi.

Upana wa pia hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini wanaoshughulika na kamera wamezoea kuichukua pembe ya takribani nyuzi 2.5 kuwa mpaka wa kufanyia kazi: flashi na lenzi zikionekana kutoka kwa mpigwa picha zimeachana kwa pembe kubwa kuliko hiyo, hatari ya macho mekundu hupungua sana. Sasa tuipime picha ya Muheza. Kamera iliyotumika ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni, na katika kamera za aina hiyo niliyowahi kuzishika flashi huwa takribani sentimita 4 kutoka lenzi. Baraza la babu bado lipo, nami nimelipima kwa kamba. Shangazi alikuwa mita 4 hivi kutoka aliposimama mpiga picha. Sentimita 4 kwa mita 4 ni sehemu moja kwa mia, ambayo ni pembe isiyozidi nyuzi 0.6. Alikuwa ndani kabisa ya pia. Ili atoke nje yake kwa umbali ule, flashi ingebidi iinuliwe zaidi ya sentimita 17 juu ya lenzi, na ndiyo maana wapiga picha wa magazeti waliofunga flashi yao kwenye mkono wa chuma pembeni mwa kamera hawakusumbuliwa sana na tatizo hili, wakati sisi wenye kamera za mfukoni tulilikuta katika kila harusi. Kamera zilivyozidi kuwa ndogo, flashi ilizidi kuisogelea lenzi, na macho mekundu yakaongezeka.

Lakini pembe haimtengi shangazi na wenzake. Bi harusi alikuwa mita 2 tu kutoka kwenye kamera, na hesabu ile ile inampa nyuzi 1.1, ambayo ni kubwa karibu mara mbili kuliko ya shangazi lakini bado ni ndogo ya kutosha kumtia wekundu. Watu wa safu ya nyuma huwa katika hatari kubwa kuliko wa mbele, hilo ni kweli, na ni jambo la kushangaza kwa wengi wanaodhani kwamba kusogea mbali ni usalama. Hata hivyo shoga wawili wa bi harusi walisimama mbali sawa na shangazi, na mboni zao ni nyeusi. Lazima kuwe na sababu nyingine, na sababu hiyo ni ukubwa wa mboni.

Mboni ya kijana katika mwanga mkali hubana hadi kipenyo cha milimita 2 hivi, na gizani hufunguka hadi milimita 7 au 8. Eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo chake, kwa hiyo mboni ya milimita 8 ina eneo mara 16 ya ile ya milimita 2. Mlango huo hupitwa mara mbili, mwanga unapoingia na unapotoka. Mboni ikipanuka kipenyo mara mbili, mwanga unaoingia unakuwa mara 4, na kati ya ule unaotawanyika nyuma, sehemu inayofanikiwa kutoka nayo inakuwa mara 4, hivyo jumla ya wekundu unaorudi huongezeka takribani mara 16. Tofauti kidogo tu ya mboni kati ya watu wawili waliosimama bega kwa bega huwa tofauti kubwa sana katika picha.

Wala mboni haiwezi kujiokoa wakati flashi inawaka. Flashi ya umeme hudumu kwa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mara nyingi pungufu ya hapo, ilhali misuli ya mboni huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde kabla hata haijaanza kusogea. Mboni inapoanza kubana, picha imeshapigwa zamani na flashi imeshazimika. Waliobuni kamera zenye kuwasha mwanga wa utangulizi kabla ya picha walilenga pengo hilo: mwanga wa kwanza huibana mboni, kisha baada ya muda mfupi flashi ya kweli huwaka. Dawa hiyo inafanya kazi, ingawa ina kasoro inayojulikana na kila aliyewahi kupiga picha harusini, kwamba wageni hudhani picha imekwishapigwa wakaanza kutawanyika au kufumba macho. Kamera ya 1993 haikuwa na kitu hicho.

Sasa irudiwe picha. Karabai iko kushoto, na nguzo ya baraza imesimama kati yake na shangazi. Flashi imemmulika shangazi kiasi kwamba kivuli cha nguzo hakionekani usoni pake, na hilo ndilo lililonipotosha kwa miaka. Nilidhani alikuwa katika mwanga kama wengine. Ukichora mstari kutoka kwenye karabai kupita kwenye nguzo, mstari huo unaangukia kichwani kwake. Kabla ya sekunde ile alikuwa gizani. Wengine wote walikuwa wameoga mwanga wa karabai, taa kali ambayo wakazi wa pwani waliozaliwa kabla ya umeme kuenea hawahitaji kuelezwa ukali wake, na mboni zao zilikuwa zimebana. Za shangazi zilikuwa wazi kwa kadiri zilivyoweza kufunguka. Alikuwa na umri wa miaka 28, na mboni za vijana hufunguka kuliko za wazee. Juu ya hayo, yeye ndiye aliyeitazama lenzi. Jicho linalotazama pembeni hupokea mwanga wa flashi kwa mshazari, na mwanga wa mshazari hukusanywa vibaya na kurudi ukiwa umetawanyika zaidi, kwa hiyo hufifia. Bi harusi naye alikuwa ameshusha kope. Kila kilichowaokoa wenzake, yeye alikikosa kwa sababu ya nguzo moja na kwa sababu mtu fulani alimwita, "Shangazi, njoo na wewe upigwe!", akatoka jikoni na kusimama pale palipobaki nafasi.

Kuhusu rangi yenyewe, damu inahusika, ingawa si damu iliyomwagika wala damu ya hasira. Retina karibu yote ni angavu, kama utando wa yai. Nyuma yake kuna tabaka liitwalo koroidi, lenye mishipa ya damu iliyosongamana sana, kazi yake ikiwa kuilisha retina. Hemoglobini iliyomo katika damu hufyonza kwa nguvu mwanga wa bluu na wa kijani, lakini ukifika kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 hivi na kuendelea, ufyonzaji wake hushuka ghafla, na mwanga mwekundu hupenya na kurudi. Flashi hutuma mwanga mweupe wenye rangi zote. Koroidi huuchekecha, na nyekundu ndiyo inayobaki kwenye chekecheo kwa wingi. Ukishika tochi yenye nguvu na kuifunika kwa kiganja gizani utaona wekundu ule ule kati ya vidole, na kwa sababu ile ile.

Pamoja na damu kuna melanini, ile rangi nyeusi ya mwili, ambayo imo ndani ya jicho kama ilivyo katika ngozi. Hii hufyonza rangi zote, zaidi zile za mawimbi mafupi. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, sehemu ya nyuma ya jicho kwa kawaida huwa na melanini nyingi, na wekundu unaorudi huwa hafifu zaidi, ukielekea rangi ya kutu au ya chungwa lililokolea. Ndiyo maana katika albamu za familia zetu macho mekundu si mengi kama katika zile za watu wa Ulaya ya kaskazini, na nadhani uhaba huo ndio ulioifanya picha ya shangazi ionekane ajabu kiasi kile. Jambo likitokea katika kila picha, hakuna anayelitafutia jini.

Kwa watu wenye ualbino hali ni kinyume, kwa kuwa melanini ya macho yao ni kidogo sana. Mwanga hurudi kwa wingi, na hata utando wa rangi unaoizunguka mboni huweza kupitisha mwanga, hivyo wekundu wao katika picha huwa mkali. Nimewasikia watu wazima wenye elimu wakisema kwamba macho ya wenye ualbino ni mekundu. Si mekundu. Mengi ni ya kijivu, ya bluu au ya kahawia hafifu, na wekundu unaoonekana katika picha ni ule ule wa koroidi ambao sote tunao, isipokuwa kwao pazia ni jembamba zaidi. Katika nchi ambayo watu hawa wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya uongo uliozushwa juu ya miili yao, ninaona ni wajibu wangu kulisema hili darasani kila mwaka, hata pale mtaala usiponidai.

Wanafunzi huniuliza kila mara kuhusu wanyama, na swali lao ni la haki, kwa maana aliyewahi kumulika mnazi kwa tochi usiku na kuona macho mawili ya komba yakiwaka huko juu hasahau. Lakini mng'ao wa komba, wa paka, wa mbuzi na wa ng'ombe una chanzo kingine. Nyuma ya retina zao kuna tabaka maalumu liitwalo tapetamu, linaloakisi mwanga kama kioo ili upite katika retina mara ya pili na kumwezesha mnyama kuona gizani, na rangi zake huwa za kijani, manjano au bluu kulingana na mnyama. Kanuni ya kurudi kwa njia ile ile ni moja, ndiyo maana unaona mng'ao huo vizuri zaidi ukiishika tochi karibu na uso wako. Binadamu hana tapetamu, na hata tumbili, nyani na sokwe hawana. Wekundu wetu ni wa damu tu.

Nikiwa katika kusoma haya kwa ajili ya shangazi ndipo nilipokutana na jambo lililoubadilisha kabisa mtazamo wangu kuhusu wekundu huo. Madaktari wa watoto wachanga huutafuta kwa makusudi. Humulika macho ya mtoto kwa kijitaa katika chumba chenye giza, na wekundu ukionekana katika macho yote mawili kwa usawa, wanajua kwamba njia kutoka konea hadi retina ni safi. Kwa watoto wa Kiafrika rangi hiyo huwa imefifia, kwa sababu ile ya melanini niliyoitaja, na daktari hulazimika kutazama kwa makini zaidi. Lakini kinachopimwa hasa ni usawa wa macho mawili. Jicho moja likirudisha weupe badala ya wekundu, kuna kitu kimesimama njiani. Huweza kuwa mtoto wa jicho, ambao hata watoto wachanga huzaliwa nao. Huweza kuwa retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5, ambayo ikiwahiwa mtoto hupona na mara nyingi jicho huokolewa, na ikicheleweshwa huua. Mkemia Bryan Shaw wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas, baada ya mwanawe kupatikana na saratani hiyo, alipitia maelfu ya picha za familia na kukuta kwamba weupe ulikuwa umeshaanza kuonekana katika picha za flashi muda mrefu kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Kutokana na hayo, yeye na wenzake walitengeneza programu ya simu inayoutafuta weupe huo katika picha.

Si kila weupe ni ugonjwa. Mtoto akitazama pembeni kwa takribani nyuzi 15, flashi huweza kuangukia mahali mshipa wa fahamu unapotokea kwenye jicho, ambapo pana weupe wa kawaida. Lakini mzazi asijifanye mtaalamu wa kutofautisha hayo nyumbani. Weupe ukijirudia katika jicho lile lile, au jicho moja likiwa jekundu na la pili jeusi katika picha baada ya picha, mtoto apelekwe hospitali yenye daktari wa macho, na picha yenyewe ibebwe. Ninalo pia jambo dhidi ya simu zetu za sasa. Nyingi huwasha taa kabla ya picha na kuzibana mboni, kisha programu yake huufuta wekundu uliosalia na kuujaza weusi, na kwa kufanya hivyo picha hupendeza lakini hupoteza habari ambayo kamera ya bei rahisi ya mwaka 1993 ilituletea bila kuombwa. Ninaweka kamera moja ndogo ya zamani nyumbani kwa ajili hiyo tu.

Kamera hiyo niliichukua nilipokwenda Muheza likizo ya Desemba iliyopita, pamoja na ile picha. Shangazi sasa ana miaka 60. Tulikaa barazani baada ya isha, nikamwonyesha mstari wa karabai na nguzo kwa kamba niliyoifunga kwenye boriti, na nikamweleza yote niliyoyaandika hapa kwa maneno mafupi zaidi. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo wakati ule, mama yake akiwa hai, na mimi sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kwamba sisi wenyewe hatukujua.

Akataka tupige tena. Alisimama pale pale nyuma ya nguzo, taa ya umeme ikiwa imezimwa na taa ya chemli ikiwa imewekwa mahali pa karabai, akambeba mjukuu wake wa miaka miwili. Nilizima mwanga wa utangulizi, nikarudi nyuma mita 4, nikawaomba wote wawili wanitazame. Mboni za shangazi zilitoka karibu nyeusi, kwa sababu mboni hupungua kufunguka kadiri mtu anavyozeeka, na alilitazama hilo kwenye kioo cha kamera kwa muda, sidhani kwa furaha tupu. Za mtoto zilitoka nyekundu, rangi ya kutu iliyokolea, kulia na kushoto sawasawa. Nikamwambia, "Hivi ndivyo tunavyotaka yawe, shangazi." Akaniagiza niichapishe kubwa, niilete pamoja na ile ya zamani, zote mbili zitiwe katika albamu.